Besi Nyuma ya James Brown: Mwongozo Kamili wa Kuisikiliza, Kuitambua na Kuipiga

Mtaje James Brown, mwimbaji wa Marekani, mbele ya wapenzi wa muziki wa zamani, nao watakusimulia mayowe yake, miguu iliyoteleza jukwaani, na lile joho alilofunikwa mabegani kila onyesho lilipokaribia mwisho. Wajuzi kidogo watamtaja Maceo Parker wa saksafoni na Clyde Stubblefield wa dramu. Ukiuliza ya mpiga besi, jina litakalotoka ni moja: Bootsy Collins. Lakini Bootsy alikaa na James Brown takriban mwaka mmoja tu. Kabla yake na baada yake walikuwapo wanaume wengine, nao ndio waliobeba nyimbo ambazo leo zinahesabiwa kuwa msingi wa fanki (funk), muziki wa dansi unaoendeshwa na mdundo: Bernard Odum, Tim Drummond, Charles Sherrell, Fred Thomas.

Mwongozo huu ni wa mtu wa aina mbili. Wa kwanza ni msikilizaji anayetaka kuifikia besi hiyo kwa sikio lake mwenyewe. Wa pili ni kijana mwenye gitaa la besi kanisani, kwenye bendi ya dansi au chumbani kwake, anayetaka kupiga kwa namna ile. Hatua nne za mwanzo ni za wote wawili. Usiziruke hata kama vidole vinawasha, kwa sababu besi hii hujifunzwa kwa masikio kwanza.

HATUA YA 1: Achana na spika ya simu

Uzi mnene kuliko wote wa besi, ule wa E, ukipigwa bila kubonyezwa hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Uzi wa A ni 55, wa D ni 73, wa G ni 98. Kispika cha simu ni kidogo mno kuweza kusukuma hewa kwa kiwango hicho, hivyo sauti yenyewe ya chini hupotea na unachosikia ni mabaki yake ya juu. Ndiyo maana mtu anaweza kuusikiliza wimbo wa James Brown kwenye simu miaka kumi na asijue kwamba kulikuwa na mtu wa tano pale studioni.

Tumia hedifoni zinazofunika sikio lote, au spika mbili za kawaida za nyumbani. Sabufa si lazima, na ukiwa nayo ipunguze. Wengi wetu tumezoea sabufa inayotetemesha madirisha, ila tetemeko hilo humeza nota: unasikia kwamba kuna besi, husikii besi inasema nini. Zima pia vile vitufe vya kuongeza besi kwenye programu ya muziki. Rekodi za 1967 hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Chagua rekodi asili. Mtandaoni kuna marudio mengi ya nyimbo hizi yaliyopigwa upya miaka ya baadaye, na mpiga besi wake ni mwingine kabisa. Kwa anayeanza, kusanyiko liitwalo In the Jungle Groove la 1986 linatosha sana, kwa kuwa ndani yake wamo Sherrell, Bootsy na Thomas kwa pamoja. Ukitaka kwenda mbali zaidi kuna Star Time, CD nne zilizotoka 1991, ambazo kijitabu chake kinaorodhesha wanamuziki wa kila wimbo. Weka moja ya hizi mbili mkononi kisha tuendelee.

HATUA YA 2: Itafute Moja

Katika blues na nyimbo za kanisa za Wamarekani weusi, makofi hupigwa kwenye pigo la pili na la nne. James Brown aliuhamishia uzito wa wimbo kwenye pigo la kwanza, na mahali hapo wanabendi wake wakapaita Moja. Yote mengine, gitaa linalokwaruza, tarumbeta zinazodonoa, sauti yake mwenyewe, yaliruhusiwa kucheza huku na huko mradi wote wakutane kwenye Moja.

Fungua "Cold Sweat", wimbo uliorekodiwa Mei 1967 kwenye studio za King mjini Cincinnati. Dramu ni Clyde Stubblefield, besi ni Bernard Odum. Hesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Utapata shida karibu na nne, kwa sababu Stubblefield hapigi snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, pale unapoitarajia. Pigo la pili liko mahali pake, la nne analichelewesha. Anayefuata snea peke yake hupotea. Sasa iache dramu, fuata besi. Odum anakurudisha nyumbani kila mzunguko. Endelea kuhesabu hadi uweze kupiga mguu chini kwenye Moja bila kufikiri, kisha sikiliza wimbo mzima hivyo.

Ukifika sehemu ya kati utasikia muziki wote unahama chini kidogo, halafu unarudi. Ni hilo tu: wimbo mzima unakaa juu ya kodi moja ya gitaa (chord, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja), unahamia nyingine, unarudi. Kwa masikio ya 1967, yaliyozoea nyimbo zinazobadilika kodi kila baada ya maneno machache, huo ulikuwa uthubutu mkubwa. Kodi zikisimama, ni nani anayempa msikilizaji hisia kwamba safari inaendelea? Ni mpiga besi, kwa mpangilio wa nota zake na mapengo anayoyaacha katikati.

Alfred "Pee Wee" Ellis, mpiga saksafoni aliyeupanga wimbo huo, alisimulia jinsi ulivyozaliwa: baada ya onyesho James Brown alimwita chumba cha kubadilishia nguo akamgunia mdundo wa besi. Ellis akaenda kuuandika, na tarumbeta akazijengea juu yake. Besi ndiyo iliyotangulia. Shikilia jambo hilo unaposikiliza nyimbo zitakazofuata, maana ni rahisi kudhani besi iliongezwa mwishoni ili kujaza nafasi.

HATUA YA 3: Watambue mmoja mmoja

Hapa tutakaa kidogo. Hakuna njia ya mkato. Wapiga besi hawa hawakuandikwa kwenye lebo za santuri zilipotoka. Lebo ilisema James Brown, au James Brown na The Famous Flames, kundi lake la waimbaji, basi. Yule aliyekuwa ameshika mdundo alilipwa ujira wake akaenda. Utaratibu wenyewe ndani ya bendi ulikuwa mkali: ukikosea nota, ukichelewa, hata viatu visipong'aa, ulitozwa faini, na James Brown aliweza kukutoza hapohapo jukwaani kwa kukuonyesha vidole vya kiasi unachodaiwa huku akiendelea kucheza. Mpiga besi aliyedumu humo hakudumu kwa bahati.

Anza na onyesho la ukumbi wa Apollo, Harlem, New York, lililorekodiwa tarehe 24 Oktoba 1962. Besi ni Hubert Perry. Hii bado si fanki; ni muziki wa soul, na besi inatembea kwa adabu chini ya waimbaji. Isikilize mara moja ili upate kipimo cha kulinganisha, upite.

Kisha Bernard Odum, mtu wa Mobile, Alabama. Alikuwa na James Brown kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 na alikuwapo wakati soul inageuka kuwa fanki. Alama yake ni ufupi. Nota zake hukatwa mapema, kama vile anaogopa zisije zikamkanyaga mwenzake. Sikiliza "Cold Sweat" tena na safari hii usihesabu mapigo, hesabu ukimya. Utashangaa ni sehemu ngapi Odum hapigi kabisa. Baadaye alikuwa miongoni mwa waliopiga na Maceo and All the King's Men, kundi la wanamuziki waliomwacha James Brown mwaka 1970.

Tim Drummond ni habari nyingine: Mzungu katika bendi ya watu weusi, mwaka 1968, mwaka ambao Martin Luther King aliuawa na miji ya Marekani ikawaka moto. Onyesho la Boston la tarehe 5 Aprili, siku moja baada ya mauaji hayo, lile lililorushwa kwenye televisheni ili watu wabaki majumbani, mpiga besi wake ni Drummond. Mwezi Juni mwaka huohuo alikuwa katika kikosi kidogo kilichokwenda na James Brown Vietnam kuwaburudisha askari. Wimbo wa kumsikia ni "Licking Stick". Alikaa muda mfupi, halafu akaenda kupiga na Neil Young na Bob Dylan, na sehemu kubwa ya wanaomfahamu wanamfahamu kwa hao wawili. Mimi naona huko kwa James Brown ndiko alikofanya kazi ngumu zaidi.

Charles Sherrell, aliyeitwa Sweet Charles, kutoka Nashville, ndiye ninayemwona kuwa aliyedhulumiwa kuliko wote kwa upande wa sifa. Angalia orodha: "Say It Loud – I'm Black and I'm Proud", iliyorekodiwa Los Angeles Agosti 1968 pamoja na sauti za watoto wanaoitikia, "Give It Up or Turnit a Loose", "Mother Popcorn" ya 1969, "Funky Drummer". Huyu ni mtu mmoja, ndani ya takriban miaka miwili. Tofauti na Odum, Sherrell hucheza zaidi kati ya mapigo. Anakupa Moja kwa uthabiti, kisha anakimbiakimbia katika nafasi ndogo kabla ya Moja inayofuata, na hachelewi hata mara moja. Alikuwa pia mwimbaji na mpiga kinanda, na mwaka 1974 alitoa albamu yake mwenyewe akiimba.

"Funky Drummer" inastahili aya yake. Ilirekodiwa Cincinnati tarehe 20 Novemba 1969. (Mwezi huohuo, huku kwetu, wakuu wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul kwenye kumbi za jiji, kwa hoja kwamba unaharibu vijana. Muziki huu ulikuwa umeshafika, na uliogopwa.) Kuelekea mwisho wa wimbo, James Brown anawaambia wote wanyamaze ili mpiga dramu abaki peke yake. Kipande hicho cha sekunde chache kikaja kuwa miongoni mwa vipande vilivyochukuliwa na kutumiwa upya zaidi katika historia ya hip hop, na Stubblefield akapata jina, ingawa hakupata fedha. Watayarishaji walikipenda kwa sababu hakina kitu kingine ndani yake, besi imenyamaza. Kwa hiyo umaarufu wa wimbo umejengwa juu ya sekunde pekee ambazo Sherrell hayupo. Wewe fanya kinyume: sikiliza dakika zinazotangulia kipande hicho, mfuate Sherrell, halafu sikia pengo linavyokuwa pale anapotoka, na nguvu inavyorudi anapoingia tena.

Machi 1970, bendi ilikuwa Columbus, Georgia. Wanamuziki waligoma kwa sababu ya malipo. Badala ya kusalimu amri, James Brown alimwagiza mwimbaji mwenzake, Bobby Byrd, apige simu Cincinnati kuwaita vijana wa kundi lililoitwa Pacemakers, waliokuwa wakionekana mara kwa mara kwenye studio za King. Wakapakiwa kwenye ndege, wakafika, wakapanda jukwaani usiku uleule. Mpiga besi alikuwa William "Bootsy" Collins, miaka 18; mpiga gitaa alikuwa kaka yake, Phelps "Catfish" Collins. Wiki chache baadaye, tarehe 25 Aprili 1970, walikuwa Nashville wakirekodi "Sex Machine".

Bootsy alisimulia kwamba baada ya maonyesho, hata yale ambayo wao vijana waliona wameua, James Brown aliwaita na kuwaambia hawakuipata Moja. Ndipo akamfundisha: nipe Moja, baada ya hapo piga unachotaka. Sikiliza "Sex Machine" kwa maelekezo hayo. Wapulizaji wanasikika mwanzoni kisha wanatoweka. Kinachobaki ni sauti mbili za James na Bobby Byrd, gitaa, piano ya James mwenyewe hapa na pale, dramu ya John "Jabo" Starks, na besi inayozunguka bila kuchoka. Baada ya hapo nenda kwenye "Super Bad" na "Soul Power", halafu onyesho la Olympia, Paris, Machi 1971, lililotolewa baadaye kwa jina la Love Power Peace. Hapo Bootsy amekomaa, anaruka kutoka nota ya chini hadi ya juu yake, anajaza, anajibu, lakini Moja haiachi. Mwaka huohuo aliondoka, na safari yake na George Clinton, kiongozi wa makundi ya fanki ya Parliament na Funkadelic, ndiyo iliyomfanya nyota.

Nafasi yake ilichukuliwa na Fred Thomas. Utamsikia kwenye "Hot Pants" na "Make It Funky" za 1971, "Doing It to Death" na "The Payback" za 1973. Ukimtoka Bootsy moja kwa moja utaona Thomas kama amepoa. Mpe muda. "The Payback" ina zaidi ya dakika saba, na katika dakika zote hizo anarudia sentensi ileile fupi bila kuipamba, bila kuharakisha, bila kulegea. Ni jambo gumu kuliko kupiga nota nyingi. Yeyote aliyewahi kushika besi kwenye sebene refu la harusi anajua mikono inavyoanza kutafuta kitu kipya dakika ya tatu tu.

Na huyu anatuhusu kwa karibu. Septemba 1974, tarehe 22 hadi 24, lilifanyika tamasha la Zaire 74 kwenye uwanja wa 20 Mai, Kinshasa, lililopangwa kwenda pamoja na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Pambano liliahirishwa hadi 30 Oktoba kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho, lakini muziki ukaendelea: Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, Miriam Makeba, B.B. King, na James Brown. Mpiga besi wa kikosi cha James Brown kipindi hicho ni Fred Thomas. Filamu ya Soul Power ya 2008 ina picha za tamasha hilo. Itazame, na kamera inapomkimbilia James, wewe mtafute aliyesimama nyuma. Thomas alikuwa bado yumo katika bendi James Brown alipofariki tarehe 25 Desemba 2006.

HATUA YA 4: Wimbo mmoja, wapiga besi wawili

Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote. "Give It Up or Turnit a Loose" ipo katika sura mbili: ile iliyovuma 1969, yenye Sherrell, na ile ya 1970 yenye Bootsy, iliyotoka kwenye albamu ya Sex Machine na kupatikana pia kwenye In the Jungle Groove. Sikiliza ya kwanza mara tatu, ya pili mara tatu, siku moja. Kisha jibu kwa kuandika kwenye karatasi:

Ni yupi anayeacha nota ilie kwa muda mrefu zaidi? Ni yupi anayebadilisha sentensi yake mara nyingi? Mwimbaji anapopiga yowe, besi inajibu au inakaa kimya? Ukiimba mstari wa besi kwa mdomo huku wimbo umezimwa, ni upi unaokujia haraka?

Usiende hatua ya tano kabla hujaweza kuimba mistari yote miwili kwa mdomo. Ukishindwa kuimba, vidole navyo vitashindwa.

HATUA YA 5: Andaa chombo

Huhitaji besi ya gharama. Besi ya nyuzi nne yoyote yenye shingo iliyonyooka inatosha. Mambo matatu yatakusogeza karibu na sauti ile.

La kwanza ni nyuzi. Wapiga besi wengi wa miaka ya 1960 walitumia nyuzi laini zisizo na mikwaruzo, ambazo mlio wake ni mnene na hufa mapema. Zikikosekana dukani, tumia nyuzi zako kuukuu. Usiweke mpya zinazolia kama kinubi.

La pili ni sponji. Kata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kichomeke chini ya nyuzi karibu na pale zinapofungwa. Besi za Fender za enzi hizo zilikuwa na sponji ya namna hiyo ndani ya kifuniko chake cha chuma. Nota zitakuwa fupi zenyewe, na ghafla utaanza kusikika kama rekodi ya 1967.

La tatu ni amplifaya. Punguza sauti za chini kidogo, ongeza za katikati, za juu ziache karibu na sifuri. Chumbani itasikika nyembamba. Ukiingia na bendi ndipo utaelewa.

Na tumia vidole viwili, cha shahada na cha kati. Vijana wengi hudhani fanki ni kugonga nyuzi kwa kidole gumba. Njia hiyo ilitoka kwa Larry Graham wa kundi la Sly and the Family Stone, na ni nzuri mahali pake, ila nyimbo tulizozisikiliza hazikujengwa juu yake.

HATUA YA 6: Jenga mstari wako

Zoezi hili halikutoka kwenye wimbo wowote; ni la kujifunzia tu. Chukua mapigo manne, kila pigo ligawe mara nne. Utapata visanduku 16. Pigo la kwanza liko kisanduku cha 1, la pili cha 5, la tatu cha 9, la nne cha 13. Snea inakaa 5 na 13, kwa hiyo hapo besi itanyamaza.

Kisanduku cha 1: E, uzi mnene usiobonyezwa. Hii iache ilie.
Kisanduku cha 4: E ileile, fupi, ikate mara moja.
Kisanduku cha 7: G, uzi wa E freti ya 3 (freti ni vile vijiti vya chuma shingoni mwa besi).
Kisanduku cha 11: D, uzi wa A freti ya 5.
Kisanduku cha 12: E ya juu, uzi wa A freti ya 7, fupi.
Vilivyobaki vyote ni kimya.

Weka metronomu, kifaa au programu ya kuhesabia mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika. Wiki ya kwanza piga kisanduku cha 1 peke yake. Ndiyo, nota moja kwa kila mzunguko, dakika tano bila kusimama. Utagundua kwamba unawahi. Karibu kila mtu huwahi, kwa hofu ya ukimya. Endelea hadi metronomu ianze kama kupotea kwenye masikio, dalili kwamba mmeangukia mahali pamoja. Ndipo ongeza kisanduku cha 4, kisha cha 7, kisha 11 na 12 pamoja.

Mstari ukishakaa, panda hadi 80, halafu 100. Kasi haina haraka. Kilicho muhimu zaidi ni mkono wa kushoto: nota hukatwa kwa kulegeza kidole bila kukiondoa kwenye uzi. Ukikiondoa kabisa, uzi utaendelea kulia wenyewe na pengo lako litachafuka. Jirekodi kwa simu, kisha sikiliza kwa hedifoni, si kwa kispika chake, na usikilize mapengo tu.

Baada ya hapo jaribu alichofundishwa Bootsy. Kisanduku cha 1 kiache kilivyo, visanduku 2 hadi 16 vibadilishe utakavyo, kwa nota zilezile nne. Badiliko moja kila mizunguko minne. Ukikosa kisanduku cha 1 hata mara moja, rudi kwenye mstari wa awali mizunguko minane kabla hujajaribu tena.

HATUA YA 7: Ingia na bendi

Kaa upande wa mguu wa mpiga dramu unaokanyaga ngoma kubwa, uuone. Kubalianeni jambo moja kabla ya kuanza: kwenye Moja, mguu wake na nota yako vitoke kama sauti moja. Sehemu nyingine hamhitaji kufanana, na kwa kweli mkifanana kila mahali muziki unakuwa mzito.

Mpe mpiga gitaa nafasi ya juu. Jimmy Nolen, mpiga gitaa wa James Brown kwa miaka mingi, alikwaruza nyuzi nyembamba kwa midundo mifupi sana, na Odum na Sherrell hawakumfuata huko. Kama gitaa lenu linapiga nyuzi nene, mwombe kaka anayelishika apande. Mkibanana wote chini hakuna atakayesikika.

Pigeni kodi moja kwa dakika kumi. Mteueni mmoja awe kiongozi, ainue mkono pale anapotaka mhamie sehemu ya kati, na ainue tena mnaporudi. Msihesabu mizunguko, mtazameni yeye. Ndivyo bendi ya James Brown ilivyofanya kazi: nyimbo zilirefushwa au kufupishwa papo hapo kwa ishara na sauti yake, na aliyetazama vidole vyake mwenyewe badala ya bosi aliumia mfukoni.

HATUA YA 8: Siku ya onyesho

Fika mapema uongee na fundi mitambo kwa heshima. Mwombe asikuongezee sauti za chini kabisa. Kwenye kumbi zetu nyingi, sabufa hupandishwa hadi sakafu inatetemeka, na besi ya nota fupi kama hii hugeuka mngurumo mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Mwambie akupe sauti za katikati, kisha atembee hadi mlango wa nyuma wa ukumbi asikilize kama anaweza kuuimba mstari wako. Akiweza, hapo pameiva.

HATUA YA 9: Andika jina

Bendi za dansi na za rumba zina desturi nzuri ya kuwaita wapigaji kwa majina ndani ya wimbo wenyewe. James Brown naye aliita, ila mara nyingi aliyeitwa ni Maceo. Mkirekodi, hata kwa simu, hata wimbo wa kwaya, wekeni majina ya wapigaji wote kwenye maelezo ya video kabla ya kuipandisha: mpiga dramu, mpiga besi, magitaa, kinanda, wapulizaji, na mahali na tarehe mliporekodi. Kwenye santuri zako za zamani fanya vivyo hivyo. Chukua bahasha ya wimbo wa James Brown ulionao, linganisha na kijitabu cha Star Time, na kwa kalamu ya risasi andika pembeni: besi, Charles Sherrell, au besi, Fred Thomas. Ukimaliza za James Brown, hamia kwenye santuri za bendi za kwenu, na kabla ya kuandika chochote watafute wazee waliokuwa kwenye bendi hizo uwaulize ni nani aliyeshika besi siku ile.